Tumetambika kwenye shamba la watu

Leo nimempeleka bibi yangu kutambika kwenye kaburi ambalo halikuwepo.

Baba yake alizikwa kule Ipole, kwenye makazi yao ya zamani, kabla hawajahamishiwa kijiji cha Ujamaa. Bibi hakuwahi kurudi.

Mtu wa ramani ni mimi. Nikachukua ramani ya enzi hizo, yenye alama ya makaburi yao, nikaandika skripti, programu fupi ya kompyuta, ya kugeuza maelezo ya projeksheni yake, yaani namna dunia ya duara ilivyolazwa kwenye karatasi, ili simu iyasome.

Simu ikatufikisha katikati ya tumbaku.

Bibi akapiga magoti, akamwaga unga na maji, akamsimulia baba yake mambo ya miaka yote. Alilia sana.

Mimi nyuma yake nafungua faili la skripti kwenye simu. (Najua, ndio muda gani huo.)

Skripti iliruka mstari mmoja, ule unaosema ramani ilitumia vipimo vya zamani vya dunia, tofauti na vya simu. Kaburi liko mita mia tatu hivi kusini.

"Bibi, samahani, tumekosea mahali. Ni pale kwenye miti."

Akajipangusa unga mikononi.

"Siendi, mjukuu wangu. Nikitambika mara ya pili, atajua nilishasahau alipo."

Tumerudi Tabora.

Skripti nimeirekebisha. Sasa inaonyesha sawasawa mahali ambapo bibi hataki kwenda.

Semeni ukweli, ninyi mngemwambia?