Baba Mpira wa Machame

Mjini Moshi watu wengi humwita Baba Mpira, na wageni hudhani aliwahi kuchezea timu fulani ya zamani. Yeye hucheka tu. Baba yangu mdogo, Sifael Nkya, hajawahi kupiga hata mpira wa makaratasi, maana utoto wake ulikwisha akikata majani ya ng'ombe kwenye kihamba cha babu, shamba la ukoo la migomba, kule Machame. Jina alilipata kwa sababu ya mikeka ya mpira, ile mizito, myeusi, inayotandikwa chini ya ng'ombe bandani na chini ya vyuma vya mazoezi majumbani. Ukitaka kuichagua, kuikata au kuitandika, utaambiwa umtafute yeye. Ukitaka kujua ilianzaje, itabidi ukae umsikilize akisimulia habari za farasi mmoja jike aliyeitwa Mbege.

Alikuwa kijana alipopata kazi kwenye shamba la farasi, mbele kidogo ya Sanya Juu. Mwenye shamba, Mzee Valerian, alikuwa mtu wa Kibosho aliyefanya kazi nchi za watu kwa miaka mingi, akarudi na ndoto ya kuwapeleka watalii nyikani juu ya farasi, wakaone twiga na pundamilia bila kelele za gari. Siku ya kwanza Sifael alimwendea farasi kama anavyomwendea ng'ombe: kwa nyuma, na kofi la kirafiki matakoni. Akajikuta amekaa kwenye lundo la samadi, wenzake wameshika mbavu kwa kicheko.

Aliyempiga teke ndiye Mbege. Rangi yake ilikuwa kahawia yenye wekundu kwa mbali, kama mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiwa kwenye kata, na wafanyakazi hawakuona jina jingine la kumpa. Baba mdogo alilelewa kwenye kwaya ya Kilutheri. Siku mchungaji alipotembelea shamba, hakuthubutu kumwita Mbege kwa sauti. Alimwita "yule dada."

Basi wakazoeana, yeye na yule dada. Alijifunza kumwendea kwa ubavuni, kuongea kabla ya kumgusa, kumsafisha kwato bila kumharakisha. Mbege naye akajifunza hatua zake. Kila akimsikia Sifael anafungua geti la nje, tayari amesimamisha masikio na kuanza kugonga mlango wa kizimba kwa goti.

Kisha mwaka mmoja, baada ya mvua za masika, Mbege akaanza kunyong'onyea. Akawa anasinzia mchana, miguu ya mbele inamlegea, anaanguka kwa magoti, anashtuka na kusimama tena. Magoti yakachubuka. Sifael aliamini ni tumbo. Akambadilishia majani, akampunguzia pumba, akamtembeza kila jioni. Hakuna kilichobadilika. Mzee Valerian akamwita daktari wa mifugo, mama mmoja wa Moshi aliyeitwa Ruth.

Daktari Ruth alimpima Mbege kwa utulivu, akamshika miguu ya nyuma, akatikisa kichwa.

"Mara ya mwisho umemwona amelala ni lini?" akamuuliza Sifael.

"Si farasi hulala amesimama, daktari?"

"Husinzia amesimama. Usingizi wenyewe lazima alale chini, hata kama ni kidogo. Huyu hajalala siku nyingi. Anaanguka kwa uchovu." Akapiga magoti, akaigonga sakafu kwa vidole. "Wewe ungelala hapa?"

Sakafu ilikuwa ya zege, na Sifael aliipenda. Alikuwa akiisugua mpaka inang'aa, akijua ndiyo heshima ya mnyama. Kumbe zege lile lilikuwa limemwumiza Mbege viungo vya nyuma, na majani ya ngano aliyomtandikia yalikuwa yanasogea pembeni kila akijigeuza. Mnyama alikumbuka maumivu ya kulala na kuinuka, akaamua kutolala kabisa.

"Sikulaumu," Daktari Ruth akasema alipoona uso wake. "Wengi hujua chakula na dawa tu. Sakafu hakuna anayeiangalia."

Ndipo ikaanza safari ya kutafuta mikeka. Mara ya kwanza Mzee Valerian alileta ile laini na myepesi, inayopachikana kama mchezo wa watoto. Ilipendeza siku za mwanzo, kisha viatu vya chuma vya Mbege vikaichana vipande. Mara ya pili walipata mikanda mikuukuu ya mashine kutoka kiwandani. Hiyo ilikuwa migumu isiyochanika, lakini uso wake ulikuwa laini kama ganda la ndizi, na mkojo ulipomwagika Mbege aliteleza akajigonga ukutani. Sifael aliitoa siku ileile, peke yake, kwa hasira.

Mara ya tatu mzigo ulitoka Kenya, ukapita mpakani Holili. Ilikuwa mikeka ya mpira uliosagwa na kugandamizwa, minene kuliko upana wa kidole gumba, uso umekwaruzwa ili kwato zishike, na chini ina mifereji midogo ya kupitisha mkojo mpaka kwenye mtaro. Kuibeba ilikuwa taabu. Sifael na mwenzake Eliudi walisema ni kama kumbeba mlevi kumpeleka kwao: haina mahali pa kushika na kila upande unalegea. Waliianika kivulini nje kwanza ili harufu ya mpira mpya ipungue, wakaziba mashimo ya sakafu, wakaikata kwa kisu kilicholowekwa maji ya sabuni huku ubao umekandamizwa juu yake, kisha wakaibananisha mpaka usione pa kupenyeza hata unyasi.

Mbege alifika mlangoni, akanusa, akakataa kuingia.

Hawakumlazimisha. Sifael aliingia na chakula chake cha mchana, akakaa chini kwenye mpira, akaanza kula kiburu chake cha ndizi na maharage taratibu, kama hana haja na mtu. Mbege alimtazama. Akaweka kwato moja ndani, akairudisha. Akaiweka tena. Mwishowe akaingia mzima, akamnusa kichwani, akanusa na bakuli. Sifael akamwachia kizimba, akaenda kuchota maji.

Aliporudi alimkuta Mbege amelala ubavu, miguu imenyooka, shingo imelazwa kwenye mpira. Ndoo ikamponyoka.

"Mbege amekufa! Jamani, Mbege amekufa!"

Watu wakatoka mbio kila upande. Eliudi alifika wa kwanza, akainama, akasikiliza, kisha akamgeukia.

"Nyamaza wewe. Anakoroma."

Walisimama wote mlangoni. Mzee Valerian alivua kofia kama aliyeingia kanisani. Baba mdogo anasema hajawahi kusikia sauti tamu kama ule mkoromo, na mimi nimeisikia kwaya yake ikiimba Pasaka, kwa hiyo najua anamaanisha nini.

Miaka iliyofuata ndiyo anayoizungumzia zaidi. Anakumbuka harufu ya majani ya ngano asubuhi, upepo wa nyika unaokuja na vumbi la Siha, mlima ukijifunua kabla watu hawajanywa chai. Anakumbuka Jumamosi za kuinua mikeka. Yeye na Eliudi waliitoa nje, wakaisugua kwa sabuni ya kawaida, wakaisuuza, wakaosha na sakafu chini yake, maana mkojo ukijificha huko harufu yake huchoma macho na kifua cha farasi. Mafuta ya taa na dizeli walivikataza kabisa, huula mpira. Kazi ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa na nyimbo na utani, na Mbege akichungulia juu ya ua kama mwenye nyumba anayekagua mafundi.

Halafu ukaja mwaka wa korona. Watalii wakakatika kama maji ya bomba. Mzee Valerian alivumilia alivyoweza, mwisho akapata mnunuzi upande wa Kenya. Sifael ndiye aliyewasindikiza farasi mpaka Holili. Walipita Himo asubuhi, soko limejaa, watu wakisimama kutazama lori lenye vichwa virefu. Mpakani, wakati nyaraka zinagongwa mihuri, alipanda nyuma ya lori akasimama na Mbege.

"Ulimwambia nini?" niliwahi kumuuliza.

"Nilimwambia safari njema, dada. Ningemwambia nini tena?"

Lori lilipovuka, Mbege alilia mara moja. Baba mdogo alirudi Himo kwa miguu. Anasema hakutaka kukaa karibu na mtu.

Mzee Valerian alimwita kumuaga. "Mwanangu, wanunuzi hawakutaka mikeka. Ichukue. Najua wewe utaitunza."

Ilipofika Machame juu ya lori, mke wake Eliona alitoka shambani na mundu mkononi.

"Baba Kindness, umetoka kazini umetuletea nini? Matairi?"

"Ni mikeka."

"Ya kulalia nani?"

"Ya ng'ombe."

Eliona akaguna, akarudi kwenye migomba yake. Lakini ng'ombe alipoanza kulala kwa raha, magoti yakapona vidonda na kiwele kikawa hakichafuki tope, ni yeye aliyewaita jirani zake waje kuona. Jirani mmoja akataka, wa pili akataka. Sifael akaanza kuwaagizia watu kutoka kulekule ilikotoka ya Mbege. Kila banda alilitazama kwanza: kama sakafu haina mteremko wa kutosha, anakwambia uitengeneze ndipo umwite tena. Baadhi walikasirika. Wengi walirudi.

Aliwahi kwenda Taveta, ng'ambo ya Holili, kumtafuta Mbege. Alivaa koti lake la kanisani. Akakuta shamba la mnunuzi limehamishwa, na mlinzi hakujua farasi walipelekwa wapi. Alikaa kidogo kwenye jiwe, akamshukuru yule mlinzi, akarudi. Kwa siku kadhaa Eliona alimpikia mtori bila kumuuliza kitu.

Aliyemrudisha kwenye furaha ni Kindness, binti yake, dada yangu wa ukoo. Kindness ni mwongoza watalii mlimani, na alikuwa amegeuza stoo ya kahawa kuwa jimu. Siku moja aliangusha chuma, sakafu ikapasuka, nyumba nzima ikatetemeka.

"Baba, naomba mikeka. Ila nataka ile ya Mbege."

"Nitakuletea mipya. Ile imekwaruzwa na kwato."

"Ndiyo ninayoitaka."

Wakaenda bandani wote wawili, wakainua ile iliyokuwa akiba, wakaiburuta mpaka kwenye mfongo, mfereji wa maji upitao juu ya kihamba. Nilikuwepo. Maji yalipopita kwenye ile mifereji ya chini, ilipanda harufu ambayo haikuwa ya ng'ombe. Baba mdogo aliacha kusugua. Kindness akanusa, akamtazama baba yake.

"Ni yeye?"

"Ni yeye," akasema. Wakakaa pembezoni mwa maji, naye akamsimulia tangu lile teke la kwanza. Kindness alizijua hadithi hizo, lakini alimwacha amalize.

Sasa jimu ile ina wanawake wengi, waongozaji na wapagazi, wanaokuja kujifua kabla ya kupanda. Baba mdogo ameiachia mikeka nafasi ndogo ukutani, kwa sababu mpira hutanuka jua likiwaka juu ya bati. Vyuma vizito ameviwekea mikeka miwili, mmoja juu ya mwingine. Kila asubuhi hupitia mlangoni akiwa na ndoo ya maziwa.

"Shikamoo, meku!" wanamwamkia mzee wao kwa pamoja, wakihema.

"Marahaba. Nani ameingia na viatu vya shambani?"

Wanatazamana miguuni. Halafu mmoja wao, binti wa Kirua anayeitwa Lucky, anainua mguu wake pole pole, na jimu nzima inaangua kicheko. Baba mdogo anamwonyesha bomba la maji lilipo, anawawekea maziwa kwenye meza, na anaendelea na safari yake ya kwenda Moshi kumpimia mtu chumba.