Nabintu na Kurasa Kubwa za Seva

Nabintu tuliyemjua hakuwa mtu wa kukosea, ndiyo maana asubuhi ile ya mwaka 2014 nilibaki mdomo wazi. Alikuwa Mkongo wa Kivu Kusini, aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale miaka kumi na miwili, na sasa alikuwa kwenye majaribio ya kazi katika kampuni yetu ya maziwa hapa Mbarara. Seva yetu iliendesha kompyuta pepe tano, yaani kompyuta za programu ndani ya mashine moja, na yeye alipewa kazi ya kutunga machaguo ya mpangilio: kila kompyuta igawiwe kumbukumbu kwa vipande viitwavyo kurasa, ndogo au kubwa. Kubwa huharakisha kazi. Akifaulu, anaajiriwa. Akishindwa, anarudi kambini.

Tukawasha. Kompyuta mbili zikafunguka, tatu zikagoma, pamoja na ile ya kusajili maziwa yanayotoka kituo cha Bwizibwera. Seva ikadai kumbukumbu imekwisha. Imekwisha vipi, na hizo mbili hazijatumia hata robo? Jasho likanitoka, na kazi yenyewe haikuwa yangu!

"Nani amekula memori yote?" akafoka Nehemiya, bosi wetu.

Nabintu akasoma faili lake, uso ukambadilika. Kila kompyuta alikuwa ameishikia rundo la kurasa kubwa tangu seva ilipowaka, nyingi kuliko mahitaji yake. Kurasa zikishikwa hivyo, kompyuta nyingine haizigusi hata zikikaa bure.

"Ni miye, boss," akasema. "Njo vile tunafanyaka Nakivale. Unapanga bido zako zote ku robine ya maji mapema, ata kama hauna kiu. Bila ivo, maji unakosa."

"Bido? Madumu matupu?"

"Tupu, boss. Na hakuna mutu anazigusa."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nehemiya akavuta kiti, akakaa kando yake.

"Sawa. Option ya kurudisha iko wapi?"

Nabintu akapitia faili lote, juu mpaka chini. Shika ndogo. Shika kubwa. Shika zaidi. Ya kurudisha haikuwepo hata moja. Akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Sikuwaza ata siku moja," akasema, "kama mutu anaweza rudisha."

Nehemiya akamsogezea kibodi.

"Weka hiyo kitu leo," akasema. "Halafu Monday ulete makaratasi yako, uanze kazi."

Nabintu hakumsikia. Alikuwa ameshaanza kutia vitu vyake kwenye mkoba ili arudi kambini, ikabidi nimshike mkono.