Mkate Usio na Kidari

Wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya neno kampuni. Binamu yangu Elia anataka tuungane, yeye, mimi na dada yangu Ndeshi, tununue lori la kushusha ndizi kutoka mlimani hadi Moshi mjini. Mtu mwingine angekagua injini. Mimi, kwa kuwa nimetoka chuoni juzi, nilifungua kamusi. Ikaniambia neno hilo tumelitoa kwa Kiingereza, na asili yake ni Kilatini: watu wanaokula mkate pamoja. Nikaifunga kamusi. Sisi watatu tulipewa mkate mmoja tu utotoni, na hatukuula.

Enzi zile mkate ulikuwa kitu cha mjini. Kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo mlimani, tulikula mtori wa ndizi na nyama, ndizi za kuchoma na maziwa mgando, na tulinawiri. Siku hiyo baba alirudi kutoka Moshi na mkate mzima, bado unanukia tanuri. "Gawaneni kwa adabu," akasema.

Adabu tuliyoijua ilikuwa ya mbuzi: akichinjwa, kila mtu ana sehemu yake kulingana na cheo chake katika ukoo. Tukaulaza mkate juu ya jani la mgomba. Elia, mkubwa wetu, akadai kidari.

"Kidari kiko wapi?" Ndeshi akamkemea. "Huyu hata mbavu hana!"

Tukamwita babu aamue. Alipokwisha kuitikia shikamoo zetu, akaugeuza mkate huku na huku. "Mnyama huyu simjui," akasema kwa uzito. "Lakini mgongo ni wangu."

Tulibishana mpaka beberu wa bibi akakata kamba, akala kidari, mgongo na kichwa bila kumuuliza mtu ukoo wake. Sisi tukalamba jani. Watoto wa siku hizi wanapakiwa siagi, na bado wanaacha kingo!

Sasa watu walioshindwa kugawana mkate wataliweza lori? Na kidari cha lori ni kipi, usukani?

Jana nikanunua mkate mjini, nikapanda nao mlimani kwa Elia na Ndeshi.

"Kidari changu, msomi," Elia akasema.

"Kwanza beberu amefungwa?" Ndeshi akauliza.

Tukaukata vipande vitatu sawa, tukala tukiwa tumesimama. Kisha nikatia sahihi karatasi ya kampuni, vidole vimejaa makombo. Ulikuwa mkate mzuri, lakini haukunukia kama ule alioula beberu.