Siku Kompyuta Ilipompigia Baba

Wapo watu wanaokula kwa jasho la mikono, wengine kwa kiguu na njia. Dada huyu alikula kwa koo. Kutwa alikaa kwenye chumba kirefu kilichokatwakatwa kwa mbao nyembamba, kila mfanyakazi na kibanda chake kama kuku wa mayai, hedifoni kichwani, akiwauliza watu asiowajua kama wameridhika na rais wao. Wenzake walimwita Asali, kwa ajili ya sauti. Mtu angepokea simu amenuna, dakika chache baadaye amejibu maswali yote na juu ya hayo kumwombea heri.

Kompyuta ndiyo iliyochagua namba. Ilipiga yenyewe bila kuona, kama mtu anayechota punje kwenye gunia, na mtu akipokea, ilimletea Asali. Kwa hiyo kila simu aliianza na maneno haya: hatujui jina lako, na majibu yako ni siri. Miaka mingi aliyasema na kuyaamini.

Kazi hiyo ilikuwa imemwonyesha jinsi watu wanavyopenda marais. Rais mpya ni kama mkwe mpya: mwanzoni hata akipiga chafya, ukoo mzima unamwombea afya. Timu ya taifa ikishinda, anapanda. Unga ukipanda, yeye anashuka. Nchi jirani ikileta vitisho mpakani, anapanda tena, na wale wale waliokuwa wanamlaani wiki iliyopita wanamwita jemedari.

Mwaka huo rais alikuwa anashuka tu. Tena alishuka wakati mbaya, maana bungeni kulikuwa na muswada wa kumwongezea muda wa kutawala, na wabunge wa chama chake mwenyewe walikuwa wanaiangalia ile namba ya kura ya maoni kama mwenye nguo kambani anavyoangalia mawingu.

"Namba ikiwa juu wanapiga makofi mpaka viganja vinawaka," alisema jirani yake wa kibanda cha pili, mwanamume waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. "Ikishuka, wote wanapata mafua siku ya kupiga kura."

Siku zile Redio bado alikuwa anasema mambo kama hayo. Kisha akaja Shemeji.

Hakuna aliyejua ametoka wapi. Asubuhi moja walimkuta ameketi kiti cha kona, shati limenyooka, mbele yake kompyuta na hedifoni zake. Msimamizi alisema ni mgeni wa ofisi, na akasema huku anatazama sakafu. Walimpa jina la Shemeji kwa sababu alikaa kama aliye kwao na hakuna aliyethubutu kuuliza amemwoa nani. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Akiingia kwenye simu yako, nukta nyekundu iliwaka kwenye kioo cha kompyuta. Zamani ilikuwa nukta ya msimamizi, ya kukagua kama unasoma maswali sawasawa. Sasa ilikuwa ya Shemeji.

Kulikuwa na kinyozi mmoja aliyejisahau akataja mtaa wa saluni yake katikati ya majibu, nukta ikiwa inawaka. Haukupita muda mrefu, saluni ikawa na kufuli. Hakuna aliyesema mambo hayo mawili yanahusiana. Lakini tangu hapo, mhojiwa akianza kujieleza yeye ni nani, wahoji walikohoa na kurukia swali linalofuata. Redio naye akazimika.

Ndivyo hali ilivyokuwa asubuhi ile simu ilipoingia, na nukta ikawaka hata kabla mtu hajaitika.

"Haloo," ilisema sauti ya mzee.

Ilikuwa ya baba yake.

Sheria ya ofisi ilikuwa wazi: ukimfahamu mhojiwa, mkabidhi msimamizi. Lakini kumkabidhi ni kutangaza kwamba mzee huyu ana mtu humu ndani, na mwenye mtu hutafutwa kupitia mtu wake. Na angekata, kompyuta ingempigia tena, aangukie kwa mwingine, aanze kusimulia kwa majivuno kwamba binti yake anafanya kazi hapo hapo. Asali akaona afadhali asome kama anavyosoma siku zote. Labda baba angeelewa.

"Habari za asubuhi. Napiga kutoka kituo cha utafiti wa maoni. Hatujui jina lako..."

"Mama, ni wewe?" Baba alimwita mama, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake mzaa baba.

"...na majibu yako ni siri."

"Jina langu hulijui? Mimi niliyekuogesha?" Mzee alicheka. "Kumbe huko kazini mnacheza na wazee."

"Ndugu mhojiwa, uko tayari tuendelee?"

"Ndugu mhojiwa," mzee alirudia, akilionja neno. "Haya, ndugu mhoji. Uliza, nisikie."

Nukta haikupepesa. Asali alisoma: umeridhika sana na utendaji wa rais, umeridhika kiasi, hujaridhika, au hujaridhika kabisa? Alipofika kwenye *umeridhika kiasi* alipunguza mwendo, akalisogeza jibu lile polepole kama anayemsogezea mgonjwa sahani.

"Si unajua? Kila jioni tunaongea hapa."

"Chagua jibu moja, tafadhali."

"Hilo la mwisho. La kabisa."

"Naweza kurudia, kama hukusikia vizuri. Umeridhika kiasi..."

"Nimesikia. Miguu ndiyo mibovu, masikio yangu mazima."

Swali lililofuata lilitaka sababu, na lilikuwa la wazi, mhojiwa aseme apendavyo. Asali alilisoma haraka haraka, akitumaini baba atasema bei, maana kila mtu husema bei na hakuna anayefungiwa kwa bei.

"Bei nilivumilia," alisema mzee. "Umeme ukikatika nilishona kwa mguu. Unakumbuka nilivyogombana na mjomba wako kwa ajili ya mtu huyu, mpaka tukanyimana salamu? Lakini soko lilipoungua, akaja. Tumesimama kwenye majivu, cherehani zetu zimekuwa mifupa. Yule aliyekuwa pembeni yake akamnong'oneza kitu, wakacheka. Pengine hakikutuhusu. Lakini alicheka, mama. Mtu hacheki msibani. Siku ile nilimfumua moyoni kama mshono uliokosewa."

"Asante. Swali linalofuata..."

"Ngoja. Andika kwamba anayesema haya ni fundi cherehani wa..."

"Swali linalofuata," alisema Asali.

Tangu azaliwe hakuwahi kumkatiza baba yake.

"Mama," mzee alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Uko na nani hapo?"

Asali alisoma swali la muswada. Karatasi haikuwepo ya kushika, kwa hiyo alishika ukingo wa meza.

"Siungi mkono," alijibu mzee. "Na wewe, mwanangu, unaunga?"

"Kazi yangu ni kuuliza tu."

"Nami nimekuuliza."

"Mimi sina maoni."

"Ahaa," alisema mzee. "Haya. Kazi njema, ndugu mhoji."

Nukta ilizimika. Asali alisikia kiti cha kona kikisukumwa nyuma. Hakugeuka. Viatu vilikuja taratibu vikipita vibanda, kila kibanda kikinyamaza vilipofika, kisha vikasimama kwenye chupa kubwa ya maji iliyokuwa nyuma yake. Maji yakagugumia.

"Fundi wako yule," Shemeji alisema kwa upole, "siku hizi anashonea wapi, na soko limeungua?"

"Simjui, bosi."

"Alikuita mwanangu."

"Wazee wote huita watu mwanangu."

Shemeji alikunywa maji mpaka yakaisha. "Kweli," alisema. "Hata mimi huniita." Akakibinyabinya kikombe cha plastiki mkononi. "Ana bahati, kama hajulikani."

Akarudi kwenye kona yake.

Jua lilikuwa bado juu Asali alipofika nyumbani. Baba yake alikuwa kibarazani nyuma ya cherehani ya kuazima, anamsimulia jirani aliyeleta suruali ya kupunguzwa. "Leo nimeulizwa," alikuwa anasema, uso ukimng'aa. "Umri wote huu, leo ndiyo mara ya kwanza nimeulizwa."

Asali alimwomba waingie ndani. Akafunga mlango na dirisha, akamweleza.

"Wanasikiliza?" aliuliza mzee.

"Wanasikiliza, baba."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Ningekata wangekupigia tena."

Mzee aliipapasa tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni. "Sasa ulimwambiaje huyo mtu?"

"Nilimwambia sikujui."

Maneno hayo yalimtoka kama yanachunwa. Baba yake akasema, "Umefanya vizuri, mama." Alisema ili asimuumize, naye Asali alijua, na iliuma zaidi.

Wiki zilizofuata nyumba ile iliishi kwa masikio. Gari likipunguza mwendo nje, mguu wa mzee uliacha kukanyaga cherehani. Mteja asiyejulikana akija, Asali alitangulia mlangoni. Simu ikiita, walitazamana kwanza. Hakuna aliyekuja kumchukua.

Kazini, sauti za kwenye hedifoni zilikuwa zimebadilika. Watu walivuta pumzi, wakaishikilia kidogo, ndipo wakasema wameridhika, wengine hata kabla swali halijaisha. Redioni ikatangazwa kwamba rais amepanda tena, amepanda vizuri. Wabunge wakapona mafua. Muswada ukapita kwa makofi.

"Amepanda kwa lipi?" aliuliza mzee, akiitazama redio. "Unga uko pale pale. Soko ni majivu pale pale."

Asali alikuwa ameisikia ile pumzi ya kabla ya jibu kutwa nzima.

Kesho yake yule jirani wa suruali alikuja na sketi ya mkewe. Alikuwa mtu wa maneno, akaegemea nguzo ya kibaraza kama kawaida yake. "Mzee, leo huongei? Unaionaje nchi?"

Fundi alipitisha uzi kwenye tundu la sindano, akakosa, akapitisha tena.

"Tumeridhika," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Tunashukuru sana."

Jirani alicheka, akidhani ni mzaha, halafu akaona si mzaha, akaitazama barabara, akaaga.

Mzee alimgeukia binti yake aliyesimama mlangoni, akamtazama kama mtoto aliyemaliza kusoma mbele ya darasa na sasa anasubiri kuambiwa kama amepatia.

Asali akaitikia kwa kichwa.