Mgomba Uliozuiwa Mkuyuni

Hebu niambie, wewe unayelima mpunga kule Ruvu inakogawanyika kabla ya kuingia baharini: siku hizi nani anakuambia kwamba maji yanakuja?

Nilipokuwa mtoto kule Kinole, enzi za Mdachi, aliyewaambia watu wa huko ni bibi yangu mzaa mama, ambaye bahari hakuwahi kuiona. Chemchemi ya juu ya shamba letu ikigeuka nyekundu na kwetu jua linawaka, alisema mzimu wa mlima umejigeuza usingizini. Hapo hukata mgomba, akaufunga kaniki, akausukuma mtoni. Watu wa chini wakiuona unapita, wanahama kingo. Mwiko ulikuwa mmoja tu: usiutoe majini.

"Ukizuiwa," alisema, "mzimu utadai mtu."

Dada yangu Mwanaidi aliolewa huko kwenye mpunga. Mumewe, shemeji Kibwana, Mzaramo, mtani wetu, alipanda kwetu kila kiangazi na chumvi, samaki wakavu wa ng'onda na mdomo wake.

"Shikamoo, bibi mchawi! Mafuriko ya juzi mliyatuma ninyi, mgomba ukawa mshenga."

"Marahaba, mla kaa. Safari nyingine situmi, ukaogelee."

Tulicheka. Lakini macho ya shemeji hayakucheka sana.

Mwaka uliofuata vita vya Maji Maji, chemchemi ikawa nyekundu. Bibi alikata mgomba, mimi nikashika ncha ya pili, tukausukuma mtoni na kuufuata ukingoni hadi kivuko cha Mkuyuni. Akida alikuwa pale na askari wake, kanzu imenyooka, roho imekunjamana. Kwake yeye, chochote kilichoelea kilikuwa dawa ya uasi.

"Kaniki hii bendera ya nani?"

"Ni habari tu, bwana akida. Nina mjukuu huko chini."

"Habari gani haina mdomo? Pasua!"

Askari akautoa majini, akaupasua kwa panga. Mgomba, kama mgomba wowote, ukachuruzika. Akida akaruka nyuma.

"Maji! Si nilisema?"

Mtu mmoja akacheka, akala kiboko. Bibi akafungiwa kwa akida mpaka mvua zikaisha, na nyumbani hakuna aliyethubutu kukata mwingine. Mgomba mtoni ukapigwa amri: Verboten, marufuku. Hilo ndilo neno langu la kwanza la Kijerumani, kabla hata ya salamu yao, Guten Morgen.

Kibwana alikuja kiangazi hakijakolea, bila chumvi, na mtoto mchanga wa dada mgongoni. Alikaa kizingitini, hakumtania mtu. Hapo nikajua.

"Majirani walihama, mto ulinuka udongo," alisema. "Mwanaidi akawacheka. Akanipa mtoto nimpeleke kwa mama yangu, yeye akabaki kulinda mpunga. 'Mgomba haujapita,' akasema. 'Bibi yangu hawezi kunisahau.'"

Kisha akamtazama bibi.

"Niambie kweli. Mlisahau, au mlinyamaza?"

Bibi alimweleza yote. Kama alisadiki, sijui mpaka leo.

Shuleni kwa Mdachi nilifundishwa kwamba mambo ya bibi ni Aberglaube, ushirikina. Nikaandika vizuri, nikapata cheti. Sasa Mwingereza kaja, na cheti changu hakifai hata kufungia karanga, kwa hiyo nina nafasi tele ya kukaa kivukoni na kutazama mto. Kama mzimu upo, sijui. Ila ulidai mtu, na hakuwa akida. Dada alikufa kwa kuamini habari iliyokuwa haijawahi kumdanganya, mpaka mwenye bunduki alipoikata njiani. Pale bomani wamebadilisha bendera. Amri ya mgomba wameiacha ilivyo.

Bwana Shauri mpya wa bomani, nawe akida, maana wewe ni yule yule: mtoto wa dada amekua, analima palepale. Kwetu mtoto ni wa mjomba, yaani wangu. Leo asubuhi nimepanda chemchemini, nimekuta maji mekundu. Futeni amri hiyo kabla jua halijazama, nikate mgomba. Mkikataa, mmoja wenu ashuke mwenyewe akamwambie kijana yule, kwa mdomo wake, ahame.