Hotuba Iliyomfuta Mama

Saa moja asubuhi, ukumbi bado unanuka sabuni ya kudekia. Mwanamke aliyevaa kandambili, viatu vyake vya kisigino vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, anapita meza moja baada ya nyingine na bunda la kadi za majina. Anaweka moja, anarudi nyuma hatua mbili, anaitazama, kisha anaiondoa.

"Hawa wawili walishtakiana mwaka juzi kwa ajili ya kiwanja," anasema, huku akiihamishia kadi hiyo meza ya mbali. "Nikiwakalisha pamoja hakuna atakayesikia hotuba. Kila mmoja atashinda anahesabu vijiko vya mwenzake."

Meza ya pili ina mjane anayetaka jina la marehemu mumewe litangulie lake. Meza ya nne ina mfanyabiashara asiyekubali kuupa mlango mgongo. Yote hayo hayakuandikwa mahali popote ukumbini. Yamo kichwani mwake, na mengine yamo katika daftari lenye jalada la bluu asiloliacha mkononi.

Wahudumu wa ukumbi humwita Mama Kadi, na wapo wanaodhani ana mtoto anayeitwa Kadi. Watoto wake ni wawili, na hakuna mwenye jina hilo. Ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka kumi na moja amekuwa afisa wa mahusiano na wafadhili katika shirika linalosomesha watoto wa familia zisizojiweza. Watoto mia mbili na kumi na wawili wako shuleni kwa michango anayoitafuta yeye, na karibu michango hiyo yote hupatikana katika hafla hii moja ya mchana.

Kazi yenyewe, anasema, ni kukumbuka. Anakumbuka siku za kuzaliwa za wafadhili, nani ana kisukari, mtoto wa nani amefeli chuo na hataki kuulizwa. Siku mama yake mzazi alipofanyiwa upasuaji, yeye alikuwa ghorofa ya juu ya hospitali hiyo hiyo, akimpelekea maua mama wa mfadhili aliyekuwa amevunjika mkono.

"Nilishuka baadaye," anasema. "Mama alikuwa ameshazinduka. Akaniuliza nimetokea wapi mbona nimejipulizia marashi. Sikumwambia."

Kwa yote hayo hulipwa mshahara ambao, akishatoa kodi ya nyumba na ada za watoto wake, hubaki wa nauli na vocha. Halalamikii mshahara. Kinachomkaa kooni ni jambo lililotokea ukumbini humu, kwenye hafla ya mwaka jana.

Kila mwaka, baada ya chakula, mtoto mmoja anayesomeshwa na shirika husimama mbele na kueleza maisha yake. Ndicho kipindi ambacho wageni huacha kuzungumza. Mama Kadi ndiye huchagua mtoto, na ndiye huandika hotuba.

Mwaka jana alimchagua msichana wa miaka kumi na minne, mkimya, mwenye sauti inayosikika vizuri. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Mama yake ni fundi cherehani anayeshona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba ya vyumba viwili. Mama Kadi alikwenda kuwatembelea ili apate cha kuandika.

Fundi alimkaribisha, akasogeza vitambaa, akamwekea kiti karibu na dirisha na kumpa chai. Alijibu kila alichoulizwa. Alieleza jinsi cherehani ilivyowahi kuharibika katikati ya msimu wa sare, fundi wa kuitengeneza akachelewa na kipuri, na jinsi kwa siku mbili walivyolala bila kula. Kisha akacheka, akasema siku ya tatu alikopa unga kwa jirani, na jirani huyo hadi leo akimwona humuuliza kama cherehani imepona.

Mama Kadi aliyaandika yote daftarini. Aliporudi ofisini, kicheko hakikuingia kwenye hotuba. Jirani hakuingia. Cherehani pia iliachwa nje.

"Nilichukua siku mbili nikazifanya miaka miwili," anasema. "Naweza kukutajia sentensi yenyewe. Niliandika, 'Nyumbani hakuna mtu wa kutuuliza kama tumekula.' Nilijua hiyo ndiyo itakayofanya kazi."

Siku ya mazoezi msichana aliisoma hotuba mpaka hapo akanyamaza. Akasema kwa upole kwamba mama yake huwauliza kila siku. Mama Kadi anakumbuka jibu alilompa.

"Nilimwambia, 'Najua, mwanangu. Hii ni hotuba tu.'"

Siku ya hafla, fundi alialikwa pamoja na wazazi wengine watatu. Alikuja na gauni jipya alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo, la rangi ya zambarau, lenye mikono mirefu. Waliketi meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu meza za mbele zilikuwa za wafadhili.

Msichana alisoma vizuri. Alipofika kwenye ile sentensi, alitazama chini, na ukumbi mzima ukadhani ni majonzi. Mfadhili mkubwa wa shirika, muuza saruji ambaye ofisini humwita Mzee wa Saruji, alitoa kitambaa akafuta macho.

Fundi alisubiri binti yake amalize. Watu walipoanza kupiga makofi, aliinuka, akapita katikati ya meza mpaka mbele, akamshika mwanawe mkono, wakatoka wote wawili kwa mlango mkubwa. Wageni walidhani ni sehemu ya ratiba. Wakasimama na kupiga makofi zaidi.

Hafla hiyo ilivunja rekodi. Mzee wa Saruji aliongeza ahadi yake maradufu kabla ya kitindamlo.

Siku mbili baadaye Mama Kadi alikwenda kuomba radhi. Safari hii hakukuwa na kiti. Fundi aliendelea kushona, mguu ukikanyaga cherehani, mgeni akiwa amesimama mlangoni. Mama Kadi alisema alichokuja kusema: kwamba amekosa, kwamba hotuba haikuwa ya mtoto bali yake yeye, kwamba nafasi ya binti bado ipo na hatasimamishwa tena mbele ya watu.

Fundi alikata uzi kwa meno, ndipo akamjibu.

"Ulikaa hapo ukanywa chai yangu. Ukaniuliza, nikakujibu. Halafu ukaenda ukanifuta," Mama Kadi anakumbuka maneno yake. "Mwanangu hakulala na njaa kwa sababu sikumuuliza kama amekula. Alilala na njaa, na mimi nimelala na njaa pembeni yake."

Wiki hiyo hiyo alimwondoa binti katika shule ya bweni iliyokuwa ikilipiwa na shirika, akamwandikisha shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani. Shirika lilimpelekea barua mbili za kumsihi. Zote zilirudi zikiwa hazijafunguliwa.

Mkurugenzi alisema ni bahati mbaya, lakini hotuba yenyewe ni nzuri, inaweza kupewa mtoto mwingine mwaka unaofuata. Tena mpiga picha alikuwa amewanasa mama na binti wakitoka mkono kwa mkono, gauni la zambarau likiwa limeangukiwa na mwanga wa mlangoni. Ilikuwa picha bora kuliko zote za siku ile. Iliwekwa kwenye jalada la ripoti ya mwaka, na chini yake kukaandikwa: "Mama na bintiye wakiondoka na matumaini mapya."

Mwandishi wa makala haya alimuuliza Mama Kadi ni nani aliyeandika maneno hayo.

"Mimi," alisema. "Niliambiwa niandike, nikaandika. Nilikuwa naogopa kupoteza kazi. Ripoti ilipotoka niliificha kabatini, lakini binti yangu akaiona. Wa kwangu na yule wamezidiana miezi minne tu. Nilimweleza yote. Akaniuliza kama na yeye ningemsimamisha pale. Nikamwambia hapana, haraka haraka. Naye akaniuliza, 'Kwa nini?' Mpaka leo sijamjibu."

Miezi mitatu kabla ya hafla ya mwaka huu, alimwendea mkurugenzi akamwambia hataandaa mtoto wa kuhutubia. Mkurugenzi hakugomba. Alimkumbusha tu kwamba mkataba wake unakaribia kuisha, na kwamba michango ikishuka, hatakuwa na sababu ya kuuongeza.

Ndiyo maana asubuhi hii ya hafla kadi zinahamahama kuliko kawaida. Mchana wageni wanafika, wanakula, wanapiga picha. Wakati wa hotuba, anayesimama ni mwalimu mkuu wa moja ya shule ambazo watoto wa shirika husoma. Anaeleza waliofaulu na walioanguka, bila kuficha. Anaeleza kwamba darasa lenye wanafunzi tisini lina vitabu ishirini. Anazungumza kwa dakika kumi na mbili. Katika dakika ya nne, meza za mbele zimeshatoa simu.

Mzee wa Saruji anamwita Mama Kadi kwa kidole. Anamuuliza mtoto yuko wapi mwaka huu.

"Leo Alhamisi, mzee. Yuko darasani."

Mzee anamtazama kana kwamba hajaelewa.

"Sasa mimi nimekuja kuona nini?"

Anaondoka kabla ya chai. Wengine wanne wanamfuata. Saa tisa alasiri, ahadi za michango zimepungua kwa theluthi moja kuliko mwaka jana, na kwa hesabu ya shirika hiyo ni ada ya watoto sabini na mmoja. Mkurugenzi anakuja mpaka kwenye meza ya nyuma alikoketi Mama Kadi, anaongea kwa sauti ya chini.

"Umelinda heshima ya mmoja, ukawatoa sabini nje," anamwambia. "Nenda ukawaeleze wao."

Kuna siku, anasema Mama Kadi, huona mkurugenzi yuko sahihi. Kuna siku humkumbuka yule mama akipita katikati ya meza na watu wakimpigia makofi, na kuona kuwa hata watoto elfu wasingetosha kulipia dakika ile. Fundi hajamsamehe. Walikutana mara moja duka la vitambaa, fundi akageukia upande wa pili na kuendelea kuchagua vifungo. Kwa mwalimu mmoja amesikia kwamba binti amekuwa wa sita katika darasa la wanafunzi themanini. Kwamba asubuhi husaidia kupiga pasi sare kabla ya kwenda shule. Zaidi ya hapo hajui, na anaona hana haki ya kuuliza.

Barua ya kumaliza mkataba ilifika Jumatatu iliyofuata. Amepewa wiki sita.

Mtu mwingine angeanza kutafuta kazi. Yeye ameomba orodha ya watoto sabini na mmoja, akainakili kwa mkono, majina yote, na kila asubuhi anakwenda kukaa kwenye vyumba vya mapokezi vya ofisi za watu. Hana picha wala hotuba. Anaeleza mtoto yuko darasa la ngapi na ada yake ni kiasi gani, basi. Wengi humwambia arudi wiki ijayo. Mlinzi wa ofisi moja amemzoea hata humwonyesha kiti kisichoyumba.

Mpaka tunakwenda mitamboni alikuwa amepata wafadhili wa watoto tisa. Mmoja wao ni yule mjane wa meza ya pili, aliyechukua wawili na kuuliza swali moja tu, kama watoto hao wanapenda hesabu.

Tulimuuliza anatarajia nini kwa hao sitini na wawili waliobaki, na wiki zenyewe zimebaki nne. Aliipitia orodha kwa kidole kama anayetafuta jina fulani.

"Nataka warudi shule kabla sijakabidhi ufunguo wa ofisi," alisema. "Na wakirudi, wasijue aliyewalipia. Waingie getini, wagombanie dawati kama watoto wengine, wala asiwepo mtu wa kuwaambia washukuru."