Nafasi ya Mshono Kwenye Sanduku la Randa

Jumatano ya Majivu ya mwaka jana nilimpoteza mume wangu, fundi seremala, hapa Mbinga. Alirudi kutoka kanisani na majivu kwenye paji la uso, akajilaza kidogo kabla ya chakula, hakuamka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na sijui namna nyingine ya kuyasema.

Zana zake alizibeba ndani ya mfuko wa salfeti, ule wa mbolea. Randa, patasi, misumeno, keekee, nyundo, zote humo humo, zikigongana kila anapotembea. Majirani walijua ametoka au amerudi kwa kusikia tu. Mara kwa mara aliteremka Mbamba Bay kutengeneza milango ya nyumba za wageni, na ndani ya basi mfuko aliupakata. Safari moja, kwenye kona za kushukia ziwani, patasi ilitoboa salfeti ikamchoma paja. Alirudi anachechemea, akawaambia majirani kwamba mke wake amempiga. Wapo waliokuja kunisihi nipunguze hasira.

Jioni alipenda kuangalia kwenye simu video za maseremala wa ng'ambo. Sanduku linafunguliwa, ndani kuna sponji iliyokatwa, na kila chombo kimelala kwenye shimo lenye umbo lake.

"Mama, ona," ananiambia. "Nyundo ina kitanda chake peke yake. Sisi huku tunagombania blanketi."

"Blanketi unavuta wewe."

"Nitatengeneza sanduku kama hili nikipata nafasi."

Hakuipata.

Kwenye ukoo wao, siku ya kumaliza matanga ndugu hugawana nguo na vyombo vya kazi vya marehemu. Nguo hazikunipa shida. Shangazi yake alizifunga kwenye shuka siku ile ile ya mazishi, akapiga fundo, na fundo la Shangazi halifunguliwi na mtu mwingine. Shida yangu ilikuwa zana. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa anayelima kahawa Matiri, alishanidokeza kwamba anaitaka ile patasi pana. Najua angeifanyia nini: angekwangulia tope kwenye jembe. Binamu naye angechukua msumeno, mwingine nyundo, na baada ya mwezi mmoja hakuna ambaye angejua kipi kiko wapi. Sikuwa na haki ya kuzidai. Mimi ni fundi cherehani, sijawahi kupiga randa hata ubao mmoja. Nilitaka tu zikae pamoja, kama alivyozizoea.

Nikatoa vitenge vyangu kwenye sanduku la bati, likabaki tupu kwa ajili ya zana. Sponji nikaipata kwenye godoro la wageni, ambalo hakuna mgeni aliyewahi kulisifu. Nikapanga zana juu yake, nikazizungushia chaki ya kuchorea vitambaa, nikakata kwa kisu cha mboga nilichokinoa vizuri. Kazi ilikwenda haraka, mpaka nikashangaa kwa nini mume wangu alikuwa anasubiri nafasi.

Nilipoiweka randa kwenye shimo lake, ikapwaya kama mtoto aliyevaa sare ya kaka yake. Nyundo nayo ikapwaya. Patasi zikajigeuza zenyewe. Nikachukua futi ya kupimia watu, nikapima. Kila shimo nilikuwa nimeliongeza nusu inchi kuzunguka. Nafasi ya mshono, ile fundi cherehani anayoiacha pembeni ya kitambaa apate pa kushonea. Mkono wangu ulikuwa umekata kwa mazoea yake, kana kwamba baadaye ningezishona zile zana ubavuni.

Nilicheka peke yangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Majivu. Nikaona aibu kwa kucheka, halafu nikacheka tena.

Godoro lililobaki nyumbani lilikuwa lile ninalolalia. Kwa hiyo nikachukua vipande vya kitenge vilivyobaki kwenye kazi za wateja, nikavibandika ndani ya kila shimo, tabaka juu ya tabaka, hadi kila chombo kikabana. Shimo moja tu lilibaki tupu, la penseli. Alikuwa na penseli bapa ya useremala ambayo alizoea kuichomeka juu ya sikio, kisha anazunguka karakana nzima akiitafuta. Nami niliitafuta kwenye maranda, chini ya benchi, hata kwenye banda la kuku. Nikaishia kukata shimo lake kwa kukadiria.

Siku ya kumaliza matanga, wote waliposhakula, Shangazi aliniambia nilete zana. Nikaweka sanduku katikati ya mkeka, nikafungua. Wakainama kuchungulia.

"Shemeji," akasema kaka yake, "umezivalisha vitenge?"

"Zilikuwa zinapwaya." Nikamweleza habari ya nafasi ya mshono. Wakacheka, yeye zaidi ya wote.

"Na hili si godoro nililolalia mimi?"

"Ndilo."

"Afadhali. Leo limepata kazi linayoiweza."

"Haya, chukua patasi yako," Shangazi akamwambia.

Akaitoa. Likabaki pengo lenye umbo la patasi, na maua ya kitenge ndani yake. Wote tukalitazama. Shemeji akajaribu kusukuma sponji kwa kidole ili pengo lijifunge. Halikujifunga.

"Umelitoa jino la mbele," akasema Shangazi, ambaye mwenyewe hana jino la mbele. "Mimi hiyo hali naijua."

Shemeji akaigeuza patasi mkononi, akanitazama, akairudisha ilipokuwa. Binamu aliyekuwa ameshausogelea msumeno akarudi nyuma.

"Sasa nani atalitunza?" Shangazi akauliza.

"Mwenye godoro," Shemeji akajibu. "Mimi nipeni koti."

Shangazi akafungua fundo lake, akampa koti la kazi la mdogo wake. Shemeji akaingiza mkono mfukoni kabla ya kulivaa, kama watu wote wanavyofanya, mkono ukatoka na kipande cha penseli bapa. Akainama, akakiweka kwenye shimo lililobaki. Hakikufika hata nusu yake.

"Na hapa pia ni nafasi ya mshono?" akauliza.

"Hapo hapana," nikamwambia. "Hapo ni yeye, alikuwa anaichonga sana."

Akakiacha hivyo hivyo, akafunga kifuniko, akavaa koti.